Maji ya Mlimani kwa Kahawa ya Nyamongo

Nyaramba, 6 Januari 1951

Kwa ndugu yangu Jeconia Okeyo,

Nakusalimu sana, na mkeo mama Benter, na wote wa huko Koru. Sisi wazima, goti langu tu ndilo linanisumbua, na ng'ombe wamekonda kwa jua.

Habari kubwa ni kahawa. Nimepanda, mimi Ombati, niliyebeba mizigo ya Wazungu pamoja nawe kwenye Kariakoo, vita vile vya Wajerumani, hata ukalia kwa kiu, mimi sikulia. Iko kwenye shamba la Mokeira, mke mkubwa. Ni ya Nyamongo, kitinda mimba wetu. Kaka yake Ombui alikwenda kuchuma majani chai Kericho, na tangu hapo tunamsikia kwa midomo ya watu. Nyamongo ameniambia wazi, "Baba, kahawa ikishika nitakaa. Ikikauka namfuata Ombui."

Haitakauka. Mvua imekataa, lakini nimechimba mfereji kutoka kijitoni mpaka juu ya shamba, kwa jembe langu, na umri huu. Nyaramba yote imekuja kutazama. Nafungua, maji yanashuka mbio kama askari wamepigiwa filimbi, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Nyinyi wa ziwa mmezaliwa majini lakini hamjapata kuyaamuru hivi.

Ni mimi ndugu yako,
Ombati


Koru, 21 Januari 1951

Ndugu Ombati,

Barua imenifikia tukiwa salama. Mama Benter amecheka, anasema aliyelia ni wewe, tena kwa kukosa ndizi.

Sasa nisikilize, maana mimi ni nyapara wa kahawa hapa miaka mingi. Maji yanayoshuka mbio hayanyweshi, yanapita. Yanachukua udongo wako mzuri na kumpelekea jirani wa chini. Chukua kijiti uchokoe chini ya mti mmoja, utaniambia umeona nini. Chimba beseni dogo kuzunguka kila mti, mwaga debe moja taratibu, jioni jua likiisha nguvu. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu na majani ya migomba, nene, ila yasiguse shina. Hapa tulikuwa tukinywesha mara tatu, sasa mara moja inatosha.

Usikasirike.

Ndugu yako,
Okeyo


Nyaramba, 4 Februari 1951

Ndugu Okeyo,

Salamu. Tu wazima. Nimekasirika.

Nikachokoe udongo na kijiti kama kuku? Watu wananiita Bwana Mfereji, na wewe unaniambia debe! Halafu hayo majani. Migomba na nyasi ziko upande wa Drusilla, mke mdogo. Wewe una mke mmoja, hujui. Kwetu kitu cha nyumba hii hakiendi nyumba ile. Nikibeba hata mzigo mmoja, wanawe watasema mzee ananenepesha nyumba kubwa, na hayo maneno yatabaki nikishazikwa. Lakini maji hayana nyumba. Ndiyo maana nimeshika maji.

Ila Ondieki wa kule juu ameniiga, naye amechimba wake. Sasa yanayonifikia ni kama mate. Nimemtukana, akanijibu, "Mzee, si wewe ulitufundisha?"



Ndugu yako,
Ombati


Koru, 15 Februari 1951

Ndugu yangu,

Hatujambo, na goti lako tunaliombea. Nauliza neno moja tu: huyo Drusilla, umemwomba? Usiniambie desturi, niambie kama umemwomba. Kwa maji hayohayo ya mate unaweza kuokoa kahawa, ukifunika.

Ningekuja mwenyewe, lakini bwana wetu hatoi ruhusa mpaka kumwagilia kuishe. Mtume Nyamongo kwangu nimwonyeshe kwa mkono.

Ndugu yako,
Okeyo


Nyaramba, 11 Machi 1951

Ndugu Okeyo,

Nakusalimu. Barua yako ililala Kisii kwenye duka la mtu, nimeipata juzi.

Mambo yameharibika. Wanawake wanaoteka maji chini ya kijito walipanda na mitungi mitupu mpaka kwa wazee. Tukaitwa, mimi na Ondieki. Nilisema vizuri sana, wote walikiri nimesema vizuri. Kisha wakaamua mifereji yote miwili ifungwe. Nimeufunga mwenyewe, watu wakitazama.

Nilichokoa na kijiti. Vumbi tupu, Okeyo. Maji yote yale, na chini ni vumbi kama lile la Voi wakati wa vita.

Nilimwambia Nyamongo aje kwako. Akasema, "Kujifunza kunywesha na nini, baba?" Hali tena chakula kwangu.

Nikaenda kwa Drusilla. Nilisimama mlangoni, akaniuliza, "Mzee, kuna nini?" Nikamwomba chumvi. Nikarudi na chumvi.

Ndugu yako,
Ombati


Koru, 20 Machi 1951

Ndugu yangu, rudi kwenye mlango huo leo. Salamu zote baadaye.

Okeyo


Nyaramba, 9 Aprili 1951

Ndugu Okeyo,

Natumaini mko wazima. Sisi tupo.

Nyamongo ameondoka kumfuata Ombui, na blanketi yake. Hakuniaga, alimuaga mama yake.

Kesho yake Drusilla, aliyesikia habari za barua zako kwa Mokeira, alikuja na wanawe, wamejitwika nyasi na majani ya migomba. Mimi sikuwa nimemwomba. Wakafunika shamba la Mokeira lote, mti kwa mti. Nikamuuliza, na desturi? Akanijibu mbele ya watoto, "Mzee, hukuniomba. Huyo Nyamongo nilimbeba mgongoni mama yake akiumwa. Ningekunyima nyasi?"

Wakawa wanamwagia maji ya mtungi, kidogo kidogo, jioni, kama ulivyosema. Halafu mvua ikanyesha. Mistari ya juu imekufa yote, fimbo tu. Mistari ya chini imechipua. Ukifunua nyasi udongo ni mweusi, unashika mkono.

Nimemwandikia Nyamongo barua, hajajibu. Labda hawezi kuusoma mwandiko wangu, wewe unajua ulivyo. Kutembea mpaka Kericho goti halikubali, na mtu wa kumtuma hapa alikuwa yeye.

Kutoka Koru si mbali. Ukipata ruhusa, mtafute. Mwambie imechipua. Hapana, atasema ni maneno yangu yale ya siku zote. Usimwambie kitu. Mwangalie tu kwa mbali kama anakula vizuri, kisha uniandikie.

Ndugu yako,
Ombati