Mikato Miwili na Kidole Gumba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambi ya barabara, na kikohozi cha vumbi kimekuachia. Sisi hatujambo. Goti bado linamsumbua Mama, lakini ukimpa pole anakwambia ujipe pole mwenyewe.

Nimepata kazi, Baba. Tangu nimalize shule nilikuwa nakaa tu ndani. Sasa niko kwenye kiwanda cha mikate cha ile familia ambayo jina lao liko kwenye kila mfuko wa mkate mjini, wale uliosema ni jamaa zetu wa mbali sana. Habari za undugu sikumwambia mtu. Wenzangu wananiita Kimya. Mkandaji wa unga anadai hata hamira inapiga kelele kunizidi.

Jumatatu walinipa wembe nichanje mikate kabla haijaingia tanurini. Nikachanja kama ulivyonifundisha jikoni kwetu: mikato miwili ya mshazari, kisha kidole gumba katikati. Nilidhani ni pambo tu. Mkandaji aliacha kucheka, akaenda kumwita mama mwenye kiwanda. Yeye akaitazama trei ile, akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema ni baba. Akaketi juu ya gunia la unga na gauni lake zuri.

Alinieleza kwamba kwao kila mtoto wa nyumba hupewa alama yake ya mkate, na mwingine haruhusiwi kuitumia. Ile ni ya mdogo wake, aliyefukuzwa na baba yao kwa kumuoa mfagiaji wa kiwanda. Kumbe si jamaa wa mbali, Baba. Ni dada yako wa tumbo moja. Mikate ile hakuiuza. Aliibeba yote nyumbani.

Anasema babu alishafariki, na yeye alikutafuta mpaka akachoka. Aliniomba nimwite shangazi. Neno hilo sasa nalifanyia mazoezi nikifua nguo.

Mama nimemwambia. Akauliza kama wifi yake bado anatafuta miwani huku ameivaa kichwani.

Huyo dada yako ameniuliza uko wapi. Nikamjibu kwamba lazima nikuulize wewe kwanza. Shuleni niliwaonea wivu waliokuwa na shangazi, hata wa kuwagombeza tu. Ukikataa, nitanyamaza, hilo naliweza. Lakini naomba ukubali, Baba.

Wadogo zangu wanakuamkia. Jifunike vizuri usiku.

Ni mimi bintiyo,
Kimya