Siku Baba Alipokataa Mrija

Langas, Eldoret
8 Februari 2026

Binti yangu Nelima,

Pokea salamu nyingi. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo linajua mvua kabla ya redio. Habari ya Lodwar na hilo joto? Wagonjwa wako je, na Collins, mwalimu wetu? Simu iko, lakini mambo ya ndoa si ya kukatikia njiani kwa kukosa kredo.

Jumapili ijayo tunaenda Soy kwa kina Collins kuangalia ng'ombe wa mahari yako. Nitaendesha gari la kanisa, nibebe wazee wetu na shangazi yako Nanyama. Baba ya Collins, Mzee Nicanor, amepika busaa, ile pombe yetu ya kunywewa kwa mirija, chungu kizima. Kuna kajambo kamoja tu: sheria imekazwa. Zamani dereva alionja kidogo akaenda zake. Sasa sisi wa kubeba abiria, ukipuliza kile kidude cha polisi kikanusa hata tone moja, leseni kwaheri. Na mimi kila asubuhi nabeba watoto wa shule. Lakini usijali, Nicanor ni mtu mzima, ataelewa.

Ni mimi baba yako.

Lodwar
21 Februari 2026

Baba,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Ulifanya nini Soy? Collins amepigiwa simu kutoka kwao, akaja kwangu, akakaa juu ya ndoo, akanieleza yote. Eti Mzee Nicanor alikupa mrija wake mwenyewe unywe naye chunguni, ukausukuma mbele ya watu wote! Wewe Mbukusu mzima hujui maana yake? Anayekataa mrija amekataa undugu, tena ni kama kusema mwenye chungu ameiroga pombe. Wazee wao wakatoa mirija yao, na ng'ombe hamkuonyeshwa hata mkia. Sasa Mzee Nicanor anasema mtoto wake hawezi kuoa kwa watu wanaomdhania mchawi.

Si ungeweka mdomo tu, Baba? Nani angejua? Nimeingoja ndoa hii miaka, na umeiharibu kwa sababu ya kidude cha polisi. Usinijibu mpaka uwe umeenda Soy kuomba msamaha.

Nelima.

Langas, Eldoret
1 Machi 2026

Nelima mwanangu,

Salamu. Goti linaendelea vizuri, hata kama hukuuliza.

Msamaha nimeenda kuomba. Nikaambiwa langoni mzee amelala, na mimi namwona dirishani akitafuna mahindi! Nikarudi.

Lakini kusema nilikosa, hapana. Nilikuwa na wazee ndani ya gari, na kesho yake mapema akina mama wananikabidhi watoto wao, uji haujakauka midomoni. Unauliza nani angejua. Wangejua siku ambayo gari liko mtaroni. Pombe si chai.

Naumia, mama. Kukuliza wewe ni kitu sikutaka kabisa.

Baba yako.

Lodwar
19 Aprili 2026

Baba mpenzi,

Habari ya siku nyingi? Goti je? Nisamehe kwa kunyamaza.

Alhamisi tulipokea majeruhi wa gari la abiria. Dereva wao alikuwa anatembea vizuri, anaongea vizuri, akaniambia, "Sista, nilionja kidogo tu." Nikamfunga mtoto mmoja mguu uliovunjika huku nakufikiria wewe. Baba, ulifanya vizuri. Hata Mzee Nicanor akikataa milele, ulifanya vizuri, na nimemwambia Collins hivyo. Amempigia baba yake simu, wamegombana. Sijui itaishaje. Nalia bado, lakini sikulaumu tena.

Binti yako,
Nelima.

Langas, Eldoret
3 Mei 2026

Mama yangu Nelima,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya. Hapa tu wazima kupita kiasi, na ng'ombe wako wanamaliza sukuma wiki yangu nikiandika!

Mwezi uliopita Mzee Nicanor alitoka matangani na pikapu yake mchana kweupe, akasimamishwa, akapuliza. Weh! Kile kidude kilibaki kidogo tu kiimbe. Hakimu akamtoza faini na leseni akaichukua. Jumatatu namwona langoni kwangu juu ya boda boda, vumbi mpaka kwa nyusi. "Mkwe," akasema, "nilifikiri umenidharau. Kumbe ulikuwa na akili." Nikamkaribisha chai. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kuleta ng'ombe. Asubuhi simu inalia: ng'ombe wamepakiwa kwa kenta, lile lori dogo, lakini dereva ameonja, na wanaume wote wa boma wameonja kwa furaha. "Mkwe, mkavu ni wewe peke yako," Nicanor ananiambia. Nanyama akapiga mayowe: baba ya msichana kujiletea mahari, dunia imeisha! Nikaenda Soy, nikashika usukani, Nicanor kando yangu.

Njiani askari akatusimamisha. Nikapuliza, sufuri. Akachungulia nyuma.

"Hawa ng'ombe ni wa nini?"

"Mahari."

"Unampelekea nani?"

"Mimi mwenyewe."

Akakiangalia kile kidude, akanipulizisha tena!

Kufika Langas, wanawake wamefunga lango wanaimba, wageni mmetoka wapi. Nikajibu kutoka kwa usukani, "Natoka Soy, naomba kuingia kwangu." Shangazi yako akadai leso kabla hajafungua. Boma langu mwenyewe! Nicanor alicheka mpaka akashikilia mlango wa kenta.

Mwanangu, nilidhani nimekupoteza. Leo nina furaha.

Baba yako.

Lodwar
14 Mei 2026

Baba yangu,

Salamu kutoka kwangu na kwa Collins, ambaye anacheka peke yake darasani mpaka wanafunzi wanamwogopa. Barua yako nimeisomea wodi nzima.

Harusi ni Agosti, shule zikifungwa. Mzee Nicanor anataka kukodi magari ya maua, na Shangazi amesema la bibi arusi uliendeshe wewe. Nimekataa. Tangu nizaliwe nakuona nyuma ya usukani, unapeleka watoto wa watu. Kutoka nyumbani hadi kanisani si mbali. Siku hiyo acha funguo mezani, unishike mkono, twende kwa miguu, polepole, Langas yote ituone. Wenye magari watatungoja.

Binti yako,
Nelima.