Walivyocheka Nilipovunjika Mkono

Jumatano, Lushoto

Mkono bado unauma, na hasira haijaniisha.

Asubuhi niliteleza kwenye tope pale sokoni, nikaangukia matenga ya peasi, mkono ukalia ka! Nikapiga yowe. Watu wakacheka. Wakapiga makofi, wengine wakatoa simu wanirekodi. "Bi Vurumai huyo! Anguka tena, Bi Vurumai!"

Miaka yote ile nilimwigiza Bi Vurumai kwenye runinga, mwanamke anayeanguka kila kipindi, na akianguka nchi nzima inacheka. Kipindi kilishakufa. Yeye hataki kufa.

"Jamani, naumia kweli," nikawaambia. Wakacheka zaidi, maana hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyasema kila akianguka. Sasa mtu kama mimi aombeje msaada?

Machozi yakanitoka mbele za watu. Ndipo yule mama mwenye peasi akawasukuma, akapiga magoti topeni, akanifunga mkono kwa kanga yake.

"Mnacheka nini? Mtu mzima kaumia!"

"Mama, humjui huyu? Wa kwenye runinga!"

"Simjui." Akanigeukia. "Unaitwa nani, dada?"

"Halima."

"Pole sana, Halima. Twende hospitali."

Aliacha peasi zake zimetapakaa, akanishika kiuno mpaka tukafika. Na huko nako, daktari, kijana msomi kabisa, akatoa simu, akaomba apige picha na Bi Vurumai kwanza ndipo anifunge plasta.

Mama wa peasi akamjibu kwa niaba yangu: "Halima ameshasema anaumia."