Chai kwa Wambui

Dada Nyambura,

Salamu nyingi kutoka Endarasha, ingawa baridi ya huku imeniuma hadi masikio. Leo Pasaka, Mama alinipeleka kwenye kaburi la binti yako Wambui. Aling'oa magugu, kisha akaketi palepale akamimina chai. Mimi nikasita kunywa.

"Kunywa, wewe!" akasema. "Tulipokuwa wadogo tulikimbia wafu, kwa sababu hatukujua wataamka. Huyu mtoto amelala tu, na mimi simwogopi mjukuu wangu."

Najua tangu mazishi hujaweza kurudi huku, na hakuna anayekulaumu, dada yangu mpenzi. Mama anasema tu, ati ukija ulete kikombe chako, maana vyake ni viwili.

Mdogo wako,
Kariuki