Mtaro wa Kiwanda cha Ngozi

Jumatatu, 8 Septemba
Vipimo vya asubuhi tayari. Bwawa la maji taka linanuka mayai viza, mtaroni povu tupu. Nimeandika daftarini: chafu. Meneja kapita na wimbo wake, nchi inajenga viwanda, tusilete mkosi. Vijengwe! Nani kakataa? Ila mtaro huu unaishia kwenye majaruba ya mpunga ya mama yangu. Hilo halisemi.

Jumatano, 10 Septemba
Mkaguzi wa mazingira anakuja Ijumaa. Kiwanda kimepewa taarifa mapema, utadhani ni mgeni wa harusi. Meneja anataka niandike upya daftari lote, vipimo vizuri. Nimekataa. Kanikumbusha mkataba wangu unaisha mwezi huu. Kisha nikala ugali wangu wa uwele na mlenda palepale getini, wanione.

Alhamisi, 11 Septemba
Mchana kweupe! Wamefunga lango la bwawa, wamesugua mtaro kwa mafagio, wakaujaza maji safi ya boza. Maboza mawili. Kijijini ndoo zimepanga foleni kisimani tangu alfajiri. Nina hasira hadi masikio yanawaka. Daftari nimelifunga ndani ya khanga, nimeondoka nalo.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimefukuzwa kazi.
Mkaguzi alichota maji mtaroni. Safi. Meneja meno yote nje. Mara vumbi: ng'ombe wa Mzee Ndahani, mfugaji jirani, wanashuka mbio. Tangu mvua ziishe hawajagusa mtaro ule, harufu iliwafukuza. Leo wamenusa maji mazuri. Wakainama, wakanywa.
Mzee akavua kofia, akamshika meneja mkono. "Ahsante sana, mwanangu. Mngebadilisha maji mapema, ndama wangu wawili waliokunywa hapa wasingekufa."
Hakuwa anakejeli. Mzee wa watu alishukuru kwa moyo wote.
Mkaguzi akauliza maji yamebadilishwa lini. Nikafungua khanga, nikampa daftari. Meneja akafoka kwamba sifai. Kwake, kweli sifai. Sijutii hata chembe.

Jumatatu, 15 Septemba
Kiwanda kimesimamishwa hadi kijenge mtambo wa kusafisha maji. Wenzangu wa zamu wamenipita njiani bila salamu. Imeniuma. Wana watoto.
Nimeshinda jarubani na mama. Udongo wa juu mweupe kwa chumvi ya mtaroni, tunaukwangua. Mama alinipa jembe lake zuri, yeye akachukua lile la mpini uliopasuka.