Chifu Amehamia kwa Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Jawahir,

Naomba unisaidie kabla sijachukua gunia nikaingia ndani mimi mwenyewe, kwa maana paka wawili wamenishinda na sasa hata mama mkwe haniongeleshi. Naishi karibu na Nkubu, boma letu lina nyumba mbili, yetu mimi na mume wangu Mutwiri na ya mama yake, na tangu baba mkwe atuache mwaka jana mama amekuwa akila kwangu, chai ya asubuhi kwangu, githeri kwangu, na hatukuwa na shida yoyote.

Shida ililetwa na panya. Tulivuna mahindi vizuri na panya wakajua kabla ya majirani, wakaanza kutoboa magunia, na paka tunaye, anaitwa Chifu, baba mkwe ndiye alimpa hilo jina kwa sababu ya tumbo na kutotaka kusumbuliwa, na huyo Chifu siku hizi akiona panya anageuza kichwa upande wa pili. Basi nikaenda Embu kwa dada yangu Eunice nikachukua mtoto wa paka, na sikumchukua bure, maana hata wewe unajua paka wa bure hashiki panya, nilimwachia kopo zima la gorogoro la maharagwe, nikakatia kapaka kwenye kiondo nikafunika ili kasijue njia ya kurudi, nilipofika langoni nikazunguka nako, nikakatia mafuta ya kupikia kwenye nyayo kakijilamba kazoee nyumba, yaani kila kitu nilichofundishwa na nyanya yangu nilifanya. Halafu nikakaweka jikoni mbele ya Chifu nikamwambia huyu ni ndugu yako. Chifu akavimba, akafoka, akakazaba kofi. Nikasema huo ni wivu tu, nikawafungia wote wawili kwa stoo wazoeane, nikaenda kanisani. Kurudi nakuta kapaka kako juu ya magunia kanalia, na Chifu amekojolea maharagwe ya mbegu.

Hapo hasira zikanipanda. Kulikuwa na sweta ya marehemu baba mkwe ambayo Chifu hulalia kando ya jiko, imejaa manyoya, inanuka moshi na tumbaku, nikailoweka kwa sabuni ya unga, nikaifua ikatakata, nikaianika, na ilipokauka nikakatandikia kapaka. Shangazi, hapo ndipo nilikosea? Chifu alikuja akainusa, akatoka, akaenda kwa mama na mpaka leo hajarudi. Mama naye alikuwa ameiona kwenye kamba, akasimama pale ameishika mkono mmoja wa ile sweta. Tangu siku hiyo hali tena kwangu. Anawasha mafiga yake mwenyewe, mtu wa umri wake, na majirani wanahesabu mioshi miwili kwenye boma moja. Nilimtuma binti yangu Kiende ampelekee chai, akarudi nayo na ujumbe, "Mwambie mama yako mimi na Chifu tumeshakunywa." Mutwiri anasema mambo ya wanawake na paka hayamhusu. Sasa niambie, nirudishe kapaka Embu watoto walie na panya wale mahindi, ama nimpatie Chifu mtu wa sokoni yaishe? Yote haya eti kwa sababu ya paka na nguo chafu. Nimechoka.

Kagwiria, Nkubu

Shangazi Jawahir anajibu:

Kagwiria, umechoka, na mimi nimechoka kukusoma. Nimetafuta katika barua yako mahali ulipomuuliza mtu yeyote jambo lolote, sikupaona. Panya wa stoo si mchezo, hapo nakuonea huruma. Mimi nauza nafaka hapa Makutano na najua gunia lililotobolewa linavyouma. Lakini mengine yote umeyakoroga mwenyewe.

Tuanze na paka, hao ni rahisi. Paka hatangaziwi undugu. Yeye anaijua nyumba yake kwa pua, na wewe ulimletea usoni mgeni anayenuka kiondo na mafuta, kisha ukawafungia pamoja ukaenda kuimba. Wewe ungeletewa mke mwenza kwa kiondo ukafungiwa naye stoo, ungekojoa wapi? Mafuta yarudishe kwenye sufuria. Mdogo mpe chumba chake na mlango ufungwe, chakula chake, na karai la mchanga la kujisaidia. Siku Chifu atakaporudi, kitambaa alicholalia mdogo mtandikie yeye karibu na sahani yake, na cha Chifu mpelekee mdogo, wajuane harufu kabla ya sura. Kisha kila mmoja ale upande wake wa mlango uleule. Wakila bila kufoka, fungua kidogo, ukiwepo. Wakivimbiana, funga, jaribu kesho. Chifu ahudumiwe kwanza kila siku, yeye ndiye mwenyeji. Hilo jambo linaweza kuchukua mwezi, na hakuna nyanya wa mtu anayeweza kulifupisha. Na habari ya kumpa Chifu mtu wa sokoni nisiisikie tena. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa sweta. Umeandika nguo chafu. Haikuwa chafu, ilikuwa na harufu ya mwenyewe. Hivi ulidhani mama alikuwa anakuja kwako kila asubuhi kwa ajili ya chai? Chai hata kwake anajua kupika. Alikuja kuketi pale kando ya jiko, ilipo sweta ya mume wake na paka wa mume wake. Mimi ni mjane, mwanangu, nakwambia ninalolijua. Sauti inapotea mapema, unaitafuta huipati. Harufu ndiyo hukaa. Wewe umeitoa kwa sabuni ya unga na nguo ukampa mgeni alalie. Hilo halirudi, na dawa yake sina. Sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa kumwona ameshika ule mkono wa sweta kwenye kamba, ukaona kabisa, na bado unaniandikia kuhusu panya.

Kwa hiyo leo, si kesho, itoe hiyo sweta chini ya paka. Usiifue tena. Ipeleke wewe mwenyewe, na Kiende umwache acheze, mtoto hatumwi kubeba makosa ya mama yake. Mutwiri naye mwambie nimesema yule ni mama yake na marehemu alikuwa baba yake, kwa hiyo yanamhusu, afuate nyuma yako. Ukifika usitaje panya, usitaje Chifu. Sema, "Mama, nilifua sweta ya baba bila kukuuliza. Nimekosa." Kisha nyamaza. Ukisikia neno "lakini" linapanda kooni, limeze. Akikuonyesha mlango, toka, na kesho urudi. Akikusogezea kiti, kaa, na usimwombe arudi kula kwako. Chochote atakachopakua kwenye mafiga yake, hata kama kimeungua, kula wewe kwake.