Skrini Iliyoandika Alichonong'ona Mama

Shoga, nitamwombaje radhi mtu niliyemwanikia siri yake?

Ile skrini ya mradi wetu wa chuo, tuliyoiweka ukumbini, inayowaalika wasiojuana wazungumze ana kwa ana! Wakati wa majaribio tuliiacha iandike kila ilichosikia kwa maikrofoni yake, nami nikasahau kuizuia kabla watu hawajaja. Nikasahau!

Mama mmoja akamnong'oneza mwenziwe, "Binti yangu hajui kwamba nimeachishwa kazi." Maneno yakatokea juu, makubwa kama milango.

Binti mwenyewe alikuwa nyuma yake, ameshika vikombe viwili vya chai. "Mama, mpita njia anajua, mimi sijui?"

Mpita njia anajua, mimi sijui!

Mhadhiri wetu, anayetupa alama, akachekelea watu walivyojazana: "Tazameni umati! Hayo ndiyo mawasiliano."

Nimewaambia wenzangu wa kundi: "Maikrofoni naing'oa sasa hivi, hata tukifeli."